Tunamlilia Nani?

Nilikisoma kitabu cha John Boyne cha 2006, The Boy in the Striped Pyjamas, nikalia. Baadaye nikajiuliza: hivi nimemlilia nani? Bruno, mtoto wa kamanda wa kambi! Shmuel, mtoto wa Kiyahudi, kaachiwa seng'enge. Habari za kwao tunazisikia kwa mbali tu. Jamani! Wanazi na washirika wao waliua watoto wa Kiyahudi wapatao milioni 1.5, na kila mmoja alikuwa na kwao.

Judith Kerr alikimbia Berlin na familia yake mwaka 1933. Katika riwaya yake ya 1971, msichana anamwacha nyumbani sungura wake wa kuchezea. Sungura tu! Lakini humo mna nyumba nzima iliyoporwa.

Waandishi wenzangu, tusidanganyane. Anayetaka kusimulia msiba apige hodi kwa wafiwa, siyo kwa muuaji.