Pombe haramu Kenya: Kielelezo cha polisi kilichogeuka sumu

Mwezi Februari 2024, watu wapatao 17 walifariki dunia katika kaunti ya Kirinyaga, katikati mwa Kenya, baada ya kunywa pombe yenye sumu iliyouzwa katika baa moja ya kijiji cha Kangai. Vifo vya aina hiyo si vigeni nchini humo. Kilichowashtua wengi ni mahali ilikotoka pombe yenyewe: serikali ilieleza kuwa ilikuwa imekwisha kukamatwa na kuhifadhiwa kama kielelezo katika kituo cha polisi cha Kiamaciri, kisha ikatoroshwa na kurudishwa sokoni.

Kenya haina upungufu wa sheria. Kwa miongo kadhaa chang'aa ilikuwa marufuku, na ikaendelea kunyweka. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi, jina lililotokana na bei yake ya shilingi 10. Mwaka 2010 Bunge liligeuza mkondo: chang'aa iliruhusiwa, mradi itengenezwe kwa viwango na kuuzwa katika chupa. Hoja hiyo ilikuwa na busara ndani yake. Lakini chupa, leseni na kodi vyote vina gharama, na kibarua anayelipwa kwa siku hana pa kuitoa. Akabaki na mgema wa kichochoroni. Mei 2014 makumi ya watu walikufa tena, safari hii katika kaunti kadhaa.

Katika mikasa mingi ya namna hii kinachoua ni methanoli, spiriti ya viwandani inayochanganywa ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Harufu na ladha yake hukaribiana na za pombe ya kawaida. Ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Akiwahishwa hospitali, mgonjwa anaweza kuokolewa kwa dawa na kwa kusafishwa damu. Tatizo ni kwamba dalili huchelewa, na mtu hulala akidhaniwa amelewa tu.

Majirani walianza na vifungashio. Tanzania ilipiga marufuku viroba Machi 2017, Uganda ikafuata mwaka 2019. Hata hivyo gongo, inayouzwa kwa kipimo cha glasi, haikuwahi kuhitaji kiroba.

Baada ya vifo vya Kirinyaga, serikali ya Kenya ilisimamisha leseni za viwanda vya pombe kali za bei nafuu ili vikaguliwe upya. Utafiti wa mamlaka ya NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa mtu 1 kati ya 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia pombe, na kwa wateja wengi kiasi hicho, kiwanda kikifungwa mgema hupata soko. Hatua moja, walau, haihitaji sheria mpya wala fedha nyingi: kuchukua sampuli ya pombe iliyokamatwa kwa ajili ya kesi, na iliyobaki kumwagwa mapema kwa amri ya mahakama, mbele ya mashahidi, badala ya kurundikwa katika stoo ya kituo cha kijijini.