Ngaahika Ndeenda: Mchezo umerudi, kijiji je?

Mei 2022, tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, ilirejea jukwaani katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo jijini Nairobi, takriban miaka 45 baada ya kupigwa marufuku.

Mchezo huo uliojaa nyimbo na ngoma uliandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Mwaka wa 1977 uliigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, katika ukumbi wa wazi waliojijengea wenyewe. Majuma machache baadaye leseni ilifutwa, na Desemba Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka wa 1982 serikali iliubomoa ukumbi huo.

Kurejea kwa mchezo ni ushindi. Hata hivyo, safari hii waliouigiza ni kundi la wasanii wa Nairobi. Kilichoitia serikali hofu mwaka wa 1977 hakikuwa maandishi pekee, bali wanakijiji kusimulia hadharani, kwa lugha yao, jinsi wanyonge wanavyopokonywa ardhi. Maandishi yaliweza kusubiri miaka 45. Jukwaa la wanakijiji halikuweza.