Bi harusi, uachie mwamba shubiri yake



Mwali mmoja ameniuliza swali. Mchumba wake anafanya kazi Karatu, amemwahidi kumletea shubiri kutoka majabali ya Ngorongoro, aichanganye kwenye singo yake. Wanasema ya porini ndiyo yenye nguvu. Aipokee?

Mdogo wangu, mwambie asiichume.

Fikiria inapoota. Kwenye kingo za bonde la Oldupai, udongo ni kiganja kimoja ndani ya ufa wa jiwe, na mvua ni ya msimu. Hapo huota mkonge mwitu, ambao Wamaasai huuita oldupai; bonde limepata jina kwake. Katika miamba mikavu ya ukanda huo imo pia mishubiri. Majani yao manene ndiyo akiba yao ya maji. Mchana hufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee, usiku ndipo huvifungua na kuvuta hewa. Maisha ya kubana hivyo hukuza mmea polepole. Ukiung'oa, ufa ule huweza kubaki mtupu kwa miaka, na mvua ikaja kukokota hata kile kiganja cha udongo.

Utasema, mmoja tu una neno gani? Haba na haba hujaza kibaba, dada, lakini haba na haba hukimaliza pia. Jabalini mimea ni ya kuhesabu.

Tena Ngorongoro ni hifadhi, na ni Urithi wa Dunia tangu 1979. Si shamba la kujichumia. Na kwa ndugu zetu wa Oman: mishubiri ya porini imo katika mkataba wa CITES, kuitoa nje ya nchi kunataka kibali.

Halafu uso wako. Mishubiri ina aina nyingi, na si kila aina ni ya kupaka. Tunaposema "chungu kama shubiri", uchungu huo umo katika utomvu wa manjano chini ya ganda, nao huwasha baadhi ya ngozi. Utapenda kukaa kwenye kiti cha harusi na vipele?

Ile tuliyoizoea huota vizuri kwenye kopo uani. Muombe somo wako chipukizi, panda leo, usiitie maji mengi. Mchumba naye akuletee kahawa ya Karatu. Hiyo imelimwa iuzwe.