Maghala ya Pamba Yafunguliwe kwa Vijana

Makamanda, mwezi uliopita nilimsindikiza rafiki yangu, fundi cherehani, kutafuta chumba Shinyanga mjini. Chumba kimoja, choo cha kuchangia, elfu 40 kwa mwezi. Sawa. Ila mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa mkupuo. Na cherehani? "Hiyo katafute fremu." Fremu nayo inataka ya kwake ya miezi 6. Binti wa watu kaishia kushona kibarazani kwa shangazi yake.

Mwenye nyumba hajavunja sheria. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, na tangu hapo mpangaji kaachwa ajipiganie.

Wakati huohuo mkoa wetu una maghala na vinu vya pamba vilivyojengwa kwa jasho la wakulima. Serikali ilivunja vyama vya ushirika 1976, ikavirudisha kwa sheria ya 1982, kisha soko huria la miaka ya 1990 likavikuta na madeni. Majengo yaliyobaki bila kazi yanalindwa na kufuli na kukaliwa na popo.

Anayesema haiwezekani aangalie Kahama. Mgodi wa Buzwagi ulisitisha uzalishaji 2021, na tayari kuna mpango wa kuugeuza kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Kama mgodi unapangiwa kazi mpya, ghala la mkulima lina kosa gani?

Tunachodai ni hiki: ghala lisilotumika ligawanywe. Upande mmoja karakana ya pamoja: cherehani, uchomeleaji, kompyuta. Upande wa pili vyumba, na jiko na mabafu ya kuchangia. Kodi ilipwe kwa mwezi. Kabla mtu hajalala humo, mhandisi akague kuta na paa, na milango ya dharura iwepo.

Ila tusijidanganye: majengo haya si ya vijana, ni ya wakulima, baba na mama zetu. Wamedhulumiwa vya kutosha. Tusiwe wadhulumaji wapya. Tukodi kwa mkataba wa miaka kadhaa, pesa iingie kwenye chama chao.

Pesa za kuanzia? Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ni mikopo ya vijana, inunue mashine. Kwa Geita na Kahama, kifungu cha Sheria ya Madini kilichoingizwa 2017 kinautaka mgodi ukubaliane na halmashauri kila mwaka kuhusu miradi ya jamii. Kwa nini karakana na makazi ya vijana wa Katoro yasiwemo?

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Kila tawi lichague jengo moja, liulize ni la nani na limefungwa tangu lini, kisha limkabidhi diwani swali hilo kwa maandishi. Asipoliuliza, tutajua tumwulize nini siku ya kura.