ARDHI YA UYOLE HAIONGEZEKI

Katika siku za ukoloni mji wa Mbeya ulipangwa kwa rangi za watu. Majina ya Uzunguni na Uhindini yangaliko. Mzungu alipewa kiwanja kipana chenye bustani, Mwafrika akabanwa na jamaa zake. Uhuru wa 1961 uliuvunja ubaguzi huo, lakini haukuivunja tamaa ya kuishi kizungu: kila mtu na nyumba yake ya chini, ua mpana na ukuta.

Ndugu wananchi, tamaa hiyo leo yala mashamba. Watu wa Jiji la Mbeya walikuwa 385,279 mwaka 2012. Mwaka 2022 walihesabiwa 541,603. Wengi wajenga Uyole, penye njia panda ya kwenda Iringa, Zambia na Malawi. Na udongo huo ndio utulishao mahindi, maharage na viazi. Tukigawa nyua pana, watoto wetu watalima wapi?

Wako wasemao kwamba kusongamana kwaleta maradhi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini adui mkubwa ni kukosa maji safi, mifereji na njia. Basi viwanja vipimwe kabla ya kuuzwa, tena viwe vidogo. Barabara, shule na uwanja wa watoto vitengwe kwanza. Ghorofa zikijengwa ziwe imara, maana tuko katika Bonde la Ufa.

Heshima ya mwananchi haipimwi kwa upana wa ua. Twendeni katika mikutano ya mitaa, tudai ramani kabla shamba halijauzwa.