Usimnyang'anye Mwanao Kitabu

Ndugu zangu wa Mbulu na Hanang, likizo imefika na mabasi yanashusha wanachuo Katesh, Dongobesh na Haydom. Mzazi aliyepeleka fahali mnadani ili mtoto asome anafungua begi akitaraji vitabu vya uhasibu au vya udaktari. Anakuta riwaya, tena ya wasichana wawili wanaopendana. Anashika kichwa: "Ng'ombe wangu ameliwa hivi?"

Swali hilo ni la haki, wala silicheki. Naomba tu lijibiwe kwa akili, fimbo ikae pembeni.

Tukumbuke kwanza Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, iliyotoka mwaka 1971. Ni habari ya binti aliyechapwa na baba mlevi kwa sababu ya barua ya mvulana, akakua bila kuelezwa lolote juu ya wanaume, na uhuru ulipomjia ukamwangamiza. Watu walipiga kelele kwamba kitabu kinaharibu watoto, kikazuiwa shuleni. Baadaye kitabu hicho hicho kikawa cha kutahiniwa sekondari. Je, maneno yake yalikuwa yamefutwa? Hata herufi moja. Wasomaji ndio waliokua, wakaona kwamba Rosa aliponzwa na ukimya wa nyumbani kwao.

Leo zamu ni ya hadithi kama "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ni mzambarau, mti tunaoujua. Hadithi yenyewe ni ya mabinti wawili wanaopendana na majirani wenye ndimi ndefu. Mwanafunzi anayeichambua hatakiwi kuapa kwamba yuko upande gani. Anaulizwa: nani anasimulia? Nani amenyamazishwa? Umbea unawafaidia nini majirani? Sheria yetu inaadhibu tendo, tena kwa kifungo kirefu mno, lakini kumfahamu binadamu mwenzako haijawahi kuwa hatia. Aliyesoma habari za Wahadzabe wa Yaeda Chini hageuki mwindaji, ila akikutana nao hatawadharau tena.

Na sisi, kati ya watu wote, tungepaswa kulijua hilo. Mwiraqw anasema lugha ya Kikushi, Mbarbaig ya Kiniloti, Mnyiramba ya Kibantu, na Mhadzabe ana lugha yake isiyo na ndugu. Siku ya mnada wote wanasimama kwenye vumbi moja wakipatana bei. Kuishi na mtu usiyemwelewa, na kujitahidi kumwelewa, ni kazi tuliyoizoea.

Tena mambo ya jinsia, ambayo vitabu hivi vinayajadili, hayakuletwa na ndege kutoka Ulaya. George Klima, mtafiti aliyekaa na Wabarbaig miaka ya 1950, aliandika juu ya baraza la wanawake wao. Mume aliyevunja haki ya mkewe, kosa lake lilisikilizwa na akina mama, nao wakaweza kumtoza fahali mweusi. Mwanamume mwenye mkuki akatoa ng'ombe kwa hukumu ya wanawake! Hilo ni somo zima la chuo kikuu, lakini limelala kwenye majarida ya Kiingereza, na wajukuu wa mahakimu wale hawalijui.

Hapo ninawageukia ninyi vijana. Mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai pale chuoni Nairobi kwamba fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo, na za wengine ziizunguke. Kitovu chenu kiko hapa. Msirudi na maneno makubwa ya kumfumbia bibi. Kaeni naye jikoni, mumwulize wanawake walihukumuje, nani alionewa, nani hakuolewa na aliishije, kisha muandike kwa Kiswahili ambacho mama yenu atakisoma.

Nawe mzazi, jioni ya leo mwambie mwanao akusomee kurasa mbili za kitabu hicho. Zikikuudhi, bishana naye mpaka chai ipoe. Nyumba yenye mabishano ya namna hiyo ina heri kuliko ile ya Rosa, ambamo barua moja ilijibiwa kwa fimbo, na baada ya hapo binti hakuwa na wa kumwuliza.