Mbwa wa Ulinzi na Dhamana ya Mwenyewe

Hatuna ugomvi na mwananchi afugaye mbwa wa kulinda shamba au mifugo yake. Dini imemruhusu, na mbwa wa watu wa pangoni ametajwa katika Suratul Kahf. Lakini mbwa mkubwa kama Boerboel wa Afrika Kusini, awezaye kufikia kilo 70, si pambo la geti. Anataka chakula cha kutosha, maji, kivuli, na mtu wa kumfunza angali mdogo. Akifungwa mnyororo kutwa nzima huwa mkali hata kwa mtoto wa nyumba ile ile.

Zaidi ya yote anataka chanjo. Kisiwani Pemba, kampeni za chanjo ziliutokomeza ugonjwa wa kichaa cha mbwa mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarejea, umeletwa kutoka nje ya kisiwa, na haukuondoka tena hadi 2018, baada ya chanjo nyingine. Bahari, basi, haikutukinga.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani dalili zikishadhihiri hapana dawa.

Kwa upande wa Serikali, tunawataka maofisa wa mifugo wadai cheti cha chanjo cha kila mbwa ashukaye, hata katika bandari ndogo za majahazi, na wahakikishe kwamba asilimia 70 ya mbwa wote, wakiwemo mbwa koko, wanachanjwa kila mwaka.